Wawili, mabegi mawili, Vietnam moja

Siku hizi kicheni pati na sendofu sio mwisho wa michango. Vijana wengi, waliooana na wale ambao bado wako kwenye uchumba, wameanza kuweka hela pembeni kwa ajili ya safari. Tena sio ya hoteli ya nyota tano. Ni begi mgongoni, raba miguuni, kulala nyumba za wageni na kula pembeni mwa barabara. Na nchi inayotajwa sana ni Vietnam.

Hakuna ubaya. Ila niwaambie mapema: ugomvi wa safari kama hii hauanzii kwenye treni. Unaanzia sebuleni, ramani ikiwa mezani, pale mmoja anapotaka kila kitu na mwenzake anaitikia tu "sawa" ili yaishe. Hiyo "sawa" italipuka siku ya tano, mvua inanyesha, miguu inauma, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mzigo wenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza sio "twende wapi?" Ni "tuache wapi?"

Ramani haidanganyi

Vietnam ni nyembamba lakini ni ndefu kweli kweli. Reli ya kutoka Hanoi hadi Ho Chi Minh City, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Saigon, ina kilomita 1,726, na treni inakula zaidi ya saa 30. Mwenye likizo ya wiki mbili akitaka milima ya Sapa kule kaskazini, fukwe za katikati na Mto Mekong kule kusini, sehemu kubwa ya likizo ataimalizia kwenye kiti.

Halafu mvua zake hazina ratiba moja. Kusini hunyesha kuanzia Mei mpaka Oktoba au Novemba. Katikati, yaani Hue na Hoi An, mvua kubwa ni Septemba hadi Desemba, na Oktoba na Novemba mto huweza kufurika mpaka watu wa Hoi An wakapita mitaani kwa mtumbwi. Aliyekwambia "nenda Novemba, hali ya hewa safi" huenda alikuwa Hanoi, bwana! Machi na Aprili ndiyo miezi inayowafaa wengi. Na angalieni Tet, mwaka mpya wao, unaoangukia mwishoni mwa Januari au Februari: mabasi na treni hujaa, maduka mengi hufungwa.

Wiki mbili zisizogombanisha

Mimi ningewashauri hivi, bila kuhesabu siku za ndege:

- Hanoi, usiku 3. Mitaa ya zamani, supu ya pho asubuhi kwenye vigoda vya plastiki. Pikipiki ni nyingi kuliko bodaboda zetu. Ukivuka barabara tembea polepole, usikimbie wala usirudi nyuma.
- Ninh Binh, usiku 2. Mitumbwi inapita katikati ya vilima vya chokaa. Trang An iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2014.
- Ghuba ya Ha Long, usiku 2.
- Treni ya usiku kutoka Hanoi kwenda Hue. Chukueni vitanda, sio viti.
- Hue, usiku 2, mji wa wafalme wa ukoo wa Nguyen. Kisha treni ya mchana kwenda Da Nang kupitia Hai Van. Kaeni upande wa kushoto, bahari iko huko.
- Hoi An, usiku 3. Hapa msifanye kitu.
- Ndege fupi kutoka Da Nang hadi Ho Chi Minh City, usiku 1, mnarudi nyumbani.

Tiketi ya kimataifa ikatwe ya kuingilia Hanoi na kutokea Ho Chi Minh City, ili msirudie njia. Sapa na Mekong? Mmeziacha. Mmekubaliana, basi asiwepo wa kununa.

Hela isemwe kwa sauti

Hapa ndipo wengi wanapochemsha. Mmoja ana mshahara mnono, mwingine anajikongoja, lakini wote wanajifanya wako sawa. Matokeo yake anayelipa anaanza kuhesabu, na anayelipiwa anaanza kunyamaza. Wekeni kapu moja la chumba, usafiri na chakula, kila mtu achangie kwa kadiri mlivyoafikiana. Kisha kila mmoja awe na hela yake ndogo ambayo haulizwi. Akishona gauni kwa mafundi wa Hoi An, ni lake. Na hela ya dharura msiiweke kwenye begi moja.

Noti zenyewe zina mtego: ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu. Hesabu sifuri kabla ya kutoa. Viza, tangu Agosti 2023, raia wa nchi yoyote anaweza kuiomba kwenye intaneti: hadi siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja. Tumieni tovuti ya serikali yao, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti.

Mambo madogo yanayokuzwa

Pikipiki ya kukodi: kaka, najua unaitamani. Lakini leseni isiyotambulika kule huweza kuifanya bima ikatae kulipa, na dada atakayebaki hospitalini na bili ndiye ana haki ya kusema hapana. Chakula: nyama ya nguruwe imo kwenye vingi. Jifunzeni neno "chay", chakula kisicho na nyama, na kwa Waislamu, msikiti wa Al-Noor uko mtaa wa Hang Luoc hapo hapo Hanoi. Begi: kila mtu abebe ambalo anaweza kupanda nalo ngazi ghorofa nne mwenyewe. Na wekeni jioni moja kila mtu apite njia yake. Sio kuachana huko, ni kupumua.

Kabla ya kulipia chochote, kila mmoja achukue karatasi yake. Aandike mambo matatu asiyoweza kuyakosa na matatu anayoweza kuyaacha, kisha mbadilishane. Asiyeweza kukwambia leo "basi la usiku siliwezi", atakuambiaje kesho kuhusu kiwanja, ada za watoto, au mdogo wake anayetaka kuja kukaa kwenu? Afadhali mjue sasa, hela ya tiketi ikiwa bado benki.

Karatasi na kalamu mnazo. Tukutane mwezi ujao.