Fuvu lisitoe hukumu peke yake

Daktari anayeandika "mwanamke" katika taarifa ya mwili usiojulikana, kwa kutazama picha ya fuvu tu na bila kutaja ana uhakika kiasi gani, anaharibu upelelezi. Tunalisema hili sasa kwa sababu mashine za CT-Scan zimesambaa hadi hospitali za rufaa za mikoa, nyingine zikinunuliwa kwa sehemu ya ule mkopo wa UVIKO-19 wa Sh1.3 trilioni wa mwaka 2021. Kishawishi cha kuzipandisha kizimbani kama shahidi kinakuja mbio kuliko maarifa ya kuzitumia.

Wa kwanza kuumia ni watu wa mipakani. Chukua Ngara, wilaya iliyopakana na Rwanda na Burundi, ambako mto Ruvubu unaingia mto Kagera jirani na maporomoko ya Rusumo. Mwaka 1994 mto Kagera ulibeba miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mingine iliopolewa na kuzikwa Ngara, mingine ikasukumwa hadi Ziwa Victoria na kuzikwa upande wa Uganda, Kasensero. Miaka miwili baadaye, Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza na mamia ya watu, wengi wao wa mkoa wa Kagera. Waliokosa wa kuwatambua wakalazwa Igoma katika makaburi ya pamoja. Mkoa huu unajua maana ya kuzika mtu asiye na jina.

Mbona basi jinsia iwe jambo zito hivyo? Kwa sababu ndiyo swali la kwanza la polisi, na jibu lake linakata orodha ya waliopotea katikati. Ukikosea umri kwa miaka 5, familia bado itafika kituoni kuuliza. Ukitangaza kwamba mwili uliokutwa ni wa mwanamke, mama anayemtafuta mwanawe wa kiume hataondoka nyumbani. Hatatoa sampuli ya mate. Jalada litafungwa na kaburi litafukiwa, na hakuna atakayejua kwamba kosa lilifanyika.

Tuitendee haki teknolojia yenyewe. Picha za CT hukata fuvu vipande vyembamba vya milimita moja au chini ya hapo, kompyuta ikaviunga upya, na mtaalamu akaligeuza fuvu kwenye kioo apendavyo bila kuchubua nyama wala kuchemsha mifupa. Anaangalia mfupa ulio nyuma ya sikio, ambao kwa wanaume wengi ni mnene na umeshuka chini. Anaangalia paji juu ya pua, ukali wa ukingo wa tundu la jicho, mikwaruzo ya kisogoni inaposhika misuli ya shingo, na kidevu. Kila alama huipa daraja kuanzia 1 hadi 5. Mwili unaweza kuzikwa siku hiyohiyo kwa taratibu za dini ya marehemu, na picha ikabaki kwa ajili ya jicho la pili katika hospitali ya Muhimbili au Bugando. Hilo ni jambo jema, na anayelipinga hatuko naye.

Taabu iko kwenye daraja la 3, katikati, ambako watu wengi wa kawaida wanaangukia. Mwanamke aliyezeeka paji lake huweza kukomaa likafanana na la mwanamume. Mzee aliyeng'oka meno taya lake husinyaa. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, fuvu halisemi lolote la kutegemewa. Hata kwa mtu mzima, mtaalamu aliyefuzu hupatia kiasi cha mara 8 au 9 kwa kila 10. Nyonga ndiyo inayosema vizuri zaidi, kwa zaidi ya asilimia 95, na picha ya nyonga hupigwa na mashine ileile. Kuiacha nyonga ipo mezani ukashikilia fuvu ni uzembe, hatuna neno lingine.

Halafu kuna hizo kanuni za vipimo. Nyingi zilitungwa kwa mifupa iliyohifadhiwa Cleveland na Washington, na kwa upande wa Afrika, Johannesburg. Mpaka kati ya mwanamume na mwanamke hausimami milimita ileile kila mahali. Ukiileta rula hiyo kwa watu wenye maumbile madogo, wanaume wao watahesabiwa wanawake, na kompyuta itakupa jibu hilo lenye desimali mbili bila haya yoyote.

Nchi hii ilishaonja imani ya aina hiyo. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolitafuta fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe katika jumba la makumbusho la Bremen, alikuta mafuvu yapatayo 2,000. Alichuja kwa vipimo vilivyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa, akachagua lenye tundu, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga. Wahehe wanaliheshimu, na heshima hiyo ni yao. Lakini kwa kigezo cha mahakama ya leo, ule ulikuwa uchaguzi tu, haukuwa utambuzi. Berlin, watafiti walipochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyoporwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, 202 yakiwa ya Tanzania, kilichowaunganisha marehemu 3 na ndugu walio hai, mwaka 2023, kilikuwa vinasaba. Shakahola nako, nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024 baada ya majibu ya vinasaba.

Kwa hiyo mahakama zikatae taarifa yoyote ya jinsia inayotegemea fuvu pekee, au isiyosema wazi uwezekano wa kukosea. Polisi wasitangaze jinsia ya mabaki kwa umma kabla nyonga haijapigwa picha, na pale nyonga isipopatikana, tangazo liseme "haijathibitika". Halmashauri isizike mwili usiojulikana kabla jino au kipande cha mfupa hakijahifadhiwa kwa ajili ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu tunayo tangu 2009.

Wizara ya Afya nayo haina kisingizio. Kila siku majeruhi wa bodaboda wanapigwa picha za kichwa Bugando, Chato na Bukoba, na jinsia zao zinajulikana. Picha hizo zikiondolewa majina, kwa kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), zinatosha kutupatia vipimo vya Watanzania bila kufukua hata kaburi moja. Fedha kubwa ilishatumika kununua mashine. Kilichobaki ni mishahara ya wataalamu wachache na hifadhi ya data, na tunataka kuviona katika bajeti ijayo, vikiwa na kifungu chake.