Taa za nyuma na ukungu wa Kilimanjaro: lugha ya barabarani isiyosomeka

UKUNGU unaposhuka kutoka msituni kuelekea Marangu, Kibosho na Machame, hasa kati ya Juni na Agosti, dereva anayefuata gari jingine hubakiwa na vitu vichache vya kutegemea. Migomba ya pembeni hupotea, kingo za barabara hazionekani, na kona hujulikana tu kwa aliyeizoea. Mbele yake huwa kuna taa nyekundu mbili. Kwa kuzisoma hizo ndipo anapoamua kupunguza mwendo, kusimama au kupita.

Pamoja na uzito huo, taa za nyuma hazipewi nafasi kubwa katika mijadala ya usalama barabarani. Ajali zinazolitikisa taifa, kama ile ya Juni 28, 2025 katika eneo la Sabasaba wilayani Same, ambako basi kubwa na basi dogo yaligongana, yakateketea kwa moto na kuua takriban watu 40, huelekeza macho kwenye matairi, mwendo kasi na upitaji wa magari. Ni haki iwe hivyo. Kugongwa kwa nyuma huchukuliwa kuwa jambo la kumalizana kando ya barabara kwa fedha ya bampa. Lakini katika barabara za mlimani, zilizo nyembamba na zenye korongo au mfereji mrefu ubavuni, gari lililosukumwa kwa nyuma halina pa kukimbilia.

Kila taa ya nyuma ilibuniwa ili ibebe habari moja. Nyekundu hafifu husema gari lipo. Nyekundu kali husema dereva amekanyaga breki. Ya njano inayopepesa humweleza wa nyuma upande ambao gari linakwenda, na nyeupe humwonya kwamba gari linarudi nyuma. Tatizo ni kwamba habari mbili za kwanza, ambazo ndizo kubwa, zina rangi moja. Katika magari mengi ya kawaida hutoka hata kwenye balbu moja yenye nyuzi mbili, mmoja wa wati 5 na mwingine wa wati 21. Tofauti ya "nipo" na "nasimama" ni ukali wa mwanga tu. Uzi mdogo ukikatika, gari hubaki gizani hadi breki ikanyagwe. Waya wa asi ukilegea, indiketa huanza kuchanganyika na taa za breki, na anayefuata haelewi anachoambiwa.

Udhaifu huo ndio uliozaa taa ya tatu ya breki, ile ya katikati chini ya kioo cha nyuma au juu yake. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, John Voevodsky, alichapisha matokeo ya jaribio la kufunga taa ya ziada ya breki kwenye teksi za San Francisco, na ajali za kugongwa nyuma zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya nusu. Marekani ikailazimisha kwa magari madogo mapya kuanzia matoleo ya 1986. Hata hivyo, tathmini ya serikali ya nchi hiyo ya mwaka 1998 ilionyesha kuwa faida ya kudumu ilikuwa ndogo zaidi, asilimia 4.3. Macho ya madereva yalikuwa yameizoea.

Mlimani kuna jambo jingine ambalo vitabu vya udereva hulipitia juu juu. Dereva mzoefu anayeteremka kutoka Kidia, Old Moshi, huweka gia ndogo na kuiacha injini imzuie. Gari hupungua mwendo vizuri kabisa, lakini taa ya breki haiwaki, kwa kuwa mguu wake haujagusa kanyagio. Asiye na uzoefu hufanya kinyume. Hushuka akiwa ameegemeza mguu kwenye breki mwanzo hadi mwisho, breki zinachemka, taa zimewaka muda wote, na siku anaposimama kweli hakuna kipya kinachoonekana nyuma. Kwa hiyo katika mteremko ule ule, gari linalopungua halina taa na lenye taa halipungui. Anayefuata hana budi kuacha nafasi kubwa kuliko anayoachia barabara ya tambarare. Gari lililo katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa hula karibu meta 17 kila sekunde.

Juu ya lugha rasmi madereva wamejiongezea ya kwao. Katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Himo na Moshi hadi Arusha, dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto hueleweka kuwa anamruhusu wa nyuma apite. Akiwasha ya kulia anaonya kuwa mbele kuna gari. Ni ungwana wa barabarani, na umewasaidia wengi. Ila indiketa hiyo hiyo ya kushoto, kwa mujibu wa maana yake halisi, husema gari linaingia kushoto au linakaribia kusimama, na ya kulia husema linakata kulia. Dereva anayepita kwa kutegemea tafsiri moja, ilhali mwenzake alikusudia nyingine, hugundua kosa akiwa tayari upande usio wake.

Ukungu ukitanda, wengi huwasha hazadi. Nia ni njema, na matokeo yake ni mabaya. Hazadi ni ishara ya gari lililoharibika au lililosimama mahali pa hatari. Likitembea huku linapepesa pande zote mbili, wa nyuma hawezi kulitofautisha na Fuso la ndizi lililokwama kwenye kona, na indiketa zake haziwezi tena kusema linapokata.

Kwa nini basi madereva waikimbilie hazadi? Jibu ni kwamba magari mengi hayana taa iliyobuniwa kwa hali hiyo. Taa nyekundu ya ukungu ya nyuma, yenye nguvu sawa na ya breki, ni ya lazima katika nchi za Ulaya. Japani haiilazimishi, na huko ndiko yanakotoka magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania, zikiwamo Noah na Hiace zinazopandisha abiria Rombo, Uru na Kibosho. Taa za ukungu zinazoonekana kwenye bampa la mbele humsaidia aliye ndani kuona njia. Aliye nyuma hazimfai kitu.

Kanuni za Ulaya zinaruhusu taa hiyo iwe moja tu, na zinadai iwe mbali na taa ya breki kwa zaidi ya milimita 100, ili isidhaniwe kuwa gari linasimama. Ina masharti pia kwa mtumiaji: ukungu ukiondoka izimwe, kwani usiku mkavu humuumiza macho anayefuata.

Magari mapya yameleta kasoro ya namna yake. Taa za mchana za mbele huwaka zenyewe mara injini inapowashwa, dashibodi nayo inang'aa, na dereva huamini amekamilika. Katika magari mengi ya aina hiyo taa za nyuma hubaki zimezimwa mpaka swichi igeuzwe.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ndiyo msingi wa madai ya taa nchini, na Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani hukumbusha ukaguzi. Lakini ukaguzi wa mchana, gari likiwa limesimama tupu, hujibu swali moja tu, kama taa inawaka. Jioni pikapu ile ile hupanda kutoka tambarare ikiwa imejaza mabua na nyasi za ng'ombe wa zizini, mzigo ukining'inia hadi kufunika taa zote. Na ikiharibika njiani, mara nyingi kinachowekwa nyuma yake ni matawi ya miti. Uchagani jani la isale lina heshima yake katika kuomba radhi na kuweka mipaka, ila hakuna jani linalorudisha mwanga wa taa kama pembetatu nyekundu inavyofanya.

Kipimo kikali huja kila Desemba, familia zinaporejea vihambani kwa Krismasi na magari ya Dar es Salaam kujazana katika barabara zisizoyajua. Kwa wenye magari, marekebisho yenyewe ni taa moja, waya na swichi, kazi ya fundi umeme wa kawaida. Nchini Uingereza, gari lililonunuliwa Japani bila taa ya ukungu ya nyuma hufungwa taa hiyo, upande wa dereva au katikati, kabla ya kuruhusiwa barabarani.