Roboti na Vipindi Vyetu vya Maabara

Katika mdahalo wa muhula huu msemaji mmoja wa darasa letu alitaka vipindi vya maabara vipunguzwe tupewe vya kompyuta, kwa kuwa huko mbele kazi ya bakteria itafanywa na roboti. Alishangiliwa sana. Kengele ililia kabla sijasimama, basi naomba nimjibu hapa.

Kwanza namkubalia. Mama yangu huishi kwa insulini, nayo siku hizi hutengenezwa na vijidudu. Mwaka 1973 Cohen na Boyer, huko California, walionyesha kwamba jeni ngeni yaweza kuingizwa ndani ya bakteria, naye akainakili kila azaapo. Mwaka 1978 bakteria walifanywa watoe insulini ya binadamu. Lakini kazi hii yachosha mno: vitone visivyoonekana vizuri kwa macho, barafu, joto la digrii 42 kwa muda mfupi tu, kisha sahani tele za kuchunguzwa. Leo mashine yenye kamera na sindano huchagua makundi ya bakteria na kuyapanda katika vishimo 96 bila kupiga miayo. Nani akatae msaada huo?

Walakini mashine hutii tu. Katika sahani yenye dawa ya ampisilini huota wale bakteria waliopokea jeni pamoja na kinga ya dawa. Wakiachwa mno, huiharibu dawa iliyo kando yao, na vikundi vidogo visivyopokea kitu huota kuwazunguka. Asiyelijua jambo hili ataiamuru mashine ichukue vyote, na ujinga wake utajaa vishimo 96.

Mimi nalijua kosa dogo zaidi. Tulipokuwa tukipanda bakteria wa mtindi, niliuchoma waya kama tulivyofundishwa, ila kwa haraka ya kwenda mpirani sikungoja upoe. Baada ya siku mbili sahani za wenzangu zilikuwa na madoa meupe. Yangu ilikuwa safi kama sahani ya bwaloni siku ya wali. Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Waya ulikuwa na joto gani?” Swali lile sijalisahau mpaka leo.

Kama kompyuta zahitaji nafasi, na zifunguliwe jioni baada ya michezo. Mimi nitakuwa wa kwanza mlangoni. Vipindi viwili vya Jumatano, tafadhali, viachwe.