Kwaya ya Mahafali Haitoshi

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mahafali, shule nyingi za Bukoba na Muleba hukumbuka kwamba zina watoto wanaoimba. Ngoma iliyokuwa stoo hutolewa na kuanikwa juani. Mwalimu mwenye sauti nzuri huambiwa aandae kwaya, ngonjera hutungwa harakaharaka, na siku ikifika mgeni rasmi hutunza, husifu vipaji, kisha huondoka. Kesho yake ngoma hurudishwa stoo. Ratiba huwa ile ile ya siku zote: Hisabati, Kiingereza, Sayansi, na majaribio siku ya Jumamosi.

Sisi tunaoandika haya ni watu wa Kanisa, na tunasema wazi kwamba hayo si mafundisho. Ni kumfanya mtoto pambo la sherehe. Shule ya serikali ikifanya hivyo, tutasikitika. Shule ya Kanisa ikifanya hivyo, tutauliza inamwamini Mungu yupi.

Maana Mungu tunayemsoma katika Maandiko hakuidharau kazi ya msanii. Katika Kutoka 31, anapotaka hema ijengwe jangwani, anamwita Bezaleli mwana wa Uri kwa jina lake na kumjaza Roho, ili awe stadi wa kufua dhahabu, kukata vito na kuchonga miti. Sura ya 35 inaongeza neno ambalo mahubiri mengi hulipita: Mungu alitia pia moyoni mwa Bezaleli na mwenzake Oholiabu uwezo wa kuwafundisha wengine. Tukifika 1 Mambo ya Nyakati 25, tunakuta waimbaji 288 wa hekalu, wote wamefunzwa, na mwalimu amehesabiwa pamoja na mwanafunzi wake. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kipaji mtu huzaliwa nacho, hakifundishwi, hajabishana na sisi. Amebishana na Biblia.

Tuna ushahidi mwingine, nao umetoka hapa kwetu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa akisomea uchungaji Makumira, aliandika wimbo wa Pasaka uitwao “Mfurahini, Haleluya”, kwa mahadhi ya asili ya Kihaya. Makumira ya miaka ile ilikuwa na mwalimu, Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani, aliyewahimiza wanafunzi wamsifu Mungu kwa tuni za kwao badala ya kutegemea zile za Ulaya peke yake. Wimbo ule ulitafsiriwa, ukavuka bahari. Leo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha Makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, na Wajerumani wanashangilia ufufuko kwa sauti ya Buhaya. Mchungaji Wilson Niwagila, mwana mwingine wa Kagera, alitupa “Njoo kwetu, Roho mwema”, na Walutheri wa Marekani wameuweka katika kitabu chao cha mwaka 2006.

Nyimbo hizo hazikudondoka kama mvua ya vuli. Zilitoka kwa vijana waliokuwa na sauti za nyumbani masikioni, kisha wakakutana na chuo kilichowapa nafasi ya kuzitumia. Ondoa nafasi hiyo, nyimbo hazipo. Nasi tunauliza: mtoto wa Kamachumu au Maruku anayemaliza darasa la saba leo bila kufundishwa kupiga ngoma, kusoma noti, kuchora wala kufinyanga, ataliandikia nini Kanisa la mwaka 2060? Au tutakuwa tumebaki kunakili nyimbo za wengine kutoka kwenye simu?

Wapo ndugu wanaoziogopa sanaa za asili. Wanasema ndani yake mna mambo ya mizimu na ya watawala wa kale. Hatuwadharau, si kila wimbo unafaa madhabahuni. Lakini tutazame enanga, ala yetu iliyochongwa katika ubao kama hori, yenye uzi unaopitishwa juu yake mara kadhaa. Kwa enanga wazee waliimba tendi ndefu za wafalme na mashujaa, kwa kumbukumbu isiyohitaji karatasi. Profesa M. M. Mulokozi alizichunguza tendi hizo katika tasnifu yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986. Inakuwaje elimu iliyostahili shahada ya juu kabisa kule Mlimani ionekane haistahili kipindi kimoja katika shule ya msingi ya Muleba? Mtoto aliyefundishwa atajua kupepeta, abakize punje na kuacha makapi. Yule asiyefundishwa hapepeti kitu. Humeza chochote anachowekewa.

Wengine wanasingizia serikali. Kisingizio hicho kimekwisha. Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais mwaka 1962 aliunda wizara ya utamaduni, akisikitika kwamba shule za wakoloni ziliwafundisha Waafrika kudharau ngoma zao. Mtaala mpya, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024, umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule ya msingi. Baraza la Mitihani nalo, tangu mwaka 2023, limeacha kutangaza shule zilizoongoza kitaifa. Basi ni nani anayeilazimisha bodi ya shule ya Kanisa kukifanya kipindi cha sanaa kuwa kipindi cha ziada cha Hisabati? Hakuna. Ni bango tu la getini, lenye picha za waliopata alama za juu, linalotafutiwa wateja.

Tunajua wazazi wataguna. Shamba la kibanja limegawanywa kwa watoto mpaka limebaki kipande, mnyauko umekausha migomba, bei ya kahawa haitabiriki. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada anataka mtoto afaulu, na hofu yake ni ya kweli. Hatumwambii apuuze mtihani. Tunamwambia kwamba saa moja au mbili za sanaa kwa wiki hazimwangushi mtoto. Anayepiga ngoma anahesabu. Anayesuka mkeka anapima na kupanga, na akikosea mstari anafumua na kuanza upya bila kuchapwa. Anayeigiza mbele ya wenzake anajifunza kusema bila kutetemeka. Na yule ambaye hatafaulu, maana kila mwaka wapo, ataondoka shuleni akijua kwamba kuna kitu mikono yake inaweza. Mfumo wa sasa unampeleka nyumbani na neno moja tu: umeshindwa. Hilo si neno ambalo Kanisa lina ruhusa ya kumwambia mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini atachezaje kwao, ikiwa kwao hakuna aliyemfundisha?

Tunachodai hakihitaji wafadhili. Bodi zetu zitamke kwamba kipindi cha Sanaa na Michezo hakiguswi, hata mwaka wa mtihani. Kila usharika na kila parokia ina mwalimu wa kwaya. Apewe siku moja kwa wiki aingie shule ya jirani, naye alipwe nauli na posho, asiitwe “wa kujitolea” mpaka azeeke. Bibi anayejua kusuka na mzee anayepiga enanga waalikwe darasani wangali hai, wakae kiti cha mwalimu. Udongo upo mabondeni, ukindu na majani makavu ya migomba yapo uani. Na mkuu wa shule anaposoma taarifa yake mbele ya bodi, aulizwe juu ya sanaa kama anavyoulizwa juu ya Hisabati: ni nani anafundisha, watoto wametengeneza nini, tukione.

Mahafali yajayo, kabla ya kumtunza mtoto anayeimba, mgeni rasmi na amuulize mkuu wa shule swali moja: wimbo huu mmeanza kuufundisha lini?