Nkambo Hakuzaliwa mu Fishi

Siku hizi tunaona vijana wa Kamalondo wanatafuta fishi za zamani za resansema, ili wajue nkambo wao alitoka wapi. Kazi ni nzuri, hatuikatazi. Lakini wanaporudi nyumbani na neno moja la kabila, na kuambia wazee kwamba jamaa imekwisha kujulikana, pale tunakataa.

Fishi ile iliandikwa juu ya nini? Wabelgiji hawakuhesabu watu kwa kupenda historia yetu. Walitafuta kodi na mikono ya kazi. Kodi ililipwa na mwanaume mzima, na mwenye wanawake wengi aliongezewa. Kwa hiyo fishi ilikuwa ya mwanaume. Muke na watoto waliwekwa chini ya jina lake. Basi Mubemba ao Mulamba, anayehesabu ukoo kwa upande wa mama, mukowa wake uko wapi mule? Mujomba, mwenye kusema neno mu jamaa, hana hata mustari! Leo mujukuu anaapa kwa karatasi kuwa ni mutu wa kwa baba tu, wakati mama zake wote ni bena Ngandu.

Na majina? Kijana aliyefika kutafuta kazi ku Union Minière ao ku reli alitaja jina lililomufaa siku ile, karani akaliandika namna alivyosikia. Mu 1972 Mobutu akakataza majina ya Kizungu, Joseph wa jana akawa mwingine. Mutu mumoja, karatasi tatu, majina matatu. Sasa unatafuta nani?

Tena Kamalondo, ile site Albert ya zamani, kongwe kuliko Kenya na Katuba, ilijaa watu wa kila upande: Kasai, Luapula, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland. Waliishi lupango moja, wakaoana. Kupa mujukuu wao kabila moja tu ni kumukata vipande. Na mu 1992 na 1993 tuliona neno "originaire" lilivyofukuzisha Bakasai kule Likasi na Kolwezi. Anayecheza na karatasi hizi akumbuke.

Hatusemi zichomwe. Resansema ya mwisho ya inchi nzima ilifanyika 1984, kwa hiyo hata zile za wakoloni zina faida. Lakini mbele ya kwenda komini, kaa kwanza na nkambo yako mwanamuke. Umuulize mama yake aliitwa nani, na mama wa mama. Andika majina ya utani pia, na nani alizikwa wapi. Kisha umusomee ile fishi. Yeye njo atakuonyesha pale karani alikosea.