Ukaushaji wa mahindi usiwe wa kubahatisha

Mwaka 2004, watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao wakafariki dunia. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaostawi katika nafaka yenye unyevu. Mahindi ya kuhifadhi hayapaswi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, kwa hiyo msimu wa mvua mkulima huhitaji mashine ya kukaushia.

Kuiunda mashine hiyo si kazi nyepesi. Hewa ya moto huingia kwa chini, huzipasha punje joto na kuzitoa maji. Maji yanapogeuka mvuke, hewa hupoa, na ikishajaa mvuke haikaushi tena, hivyo mahindi ya juu hubaki mabichi. Joto likizidishwa, punje za chini hupasuka. Mtaalamu anayekokotoa joto, hewa na unyevu mbalimbali hupotoka, kwa sababu kila kimoja hubadilisha vingine.

Ziko programu za kompyuta zinazokokotoa mambo hayo kwa pamoja kabla bati halijakatwa, tena hazilipiwi. OpenFOAM imekuwa huria tangu mwaka 2004 na Elmer ya Finland tangu 2005. MOOSE, iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Maabara ya Taifa ya Idaho, Marekani, kwa ajili ya utafiti wa nyuklia, ilifunguliwa kwa wote mwaka 2014. Mhandisi anaruhusiwa kuzichukua na kuziongezea hesabu za nafaka.

Kwa hiyo bei ya leseni haiwezi kuwa kisingizio. Kinachohitajika ni wataalamu waliofunzwa na vipimo vya hapa: mbegu zinazopandwa hutoa maji kwa kasi gani, na hewa ya wakati wa mavuno ina unyevu kiasi gani. Programu ikipewa takwimu za kukisia, itatoa majibu ya kukisia.

Wizara za kilimo na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki havina budi kutenga fedha kwa ajili ya mafunzo na vipimo hivyo, kisha kuyajaribu majibu ya kompyuta kwenye mashine halisi. Kosa likigunduliwa katika kompyuta hurekebishwa kwa siku chache. Likigunduliwa ghalani, mkulima amekwisha kupoteza mavuno yake.