Rejeta ya Moto Isifunguliwe

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Kila msimu malori huibeba pamba hiyo kutoka vijiji vya Meatu, Itilima na Maswa hadi viwanda vya kuchambulia, yakipita njia za vumbi katika jua la kiangazi. Injini huchemka, na hapo utingo huamriwa kushuka akafungue rejeta.

Amri hiyo ni ya hatari, na haina budi kukomeshwa.

Maji ya rejeta hubanwa na kifuniko chake, na kwa sababu hiyo huweza kupita nyuzi joto 100 bila kuchemka. Kifuniko kikilegezwa, kanieneo hushuka ghafla; maji hugeuka mvuke na kumrukia mfunguaji usoni na kifuani. Tambara la mkononi haliwezi kumwokoa.

Wapo pia wanaoziba rejeta kwa mfuko wa nailoni baada ya kifuniko kupotea. Hao wanajidanganya. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi. Huku maji yasiyobanwa huchemka hata kabla ya kufikia nyuzi 97. Gari la namna hiyo litachemka mapema zaidi, na utingo ataamriwa tena.

Dereva na azime injini, asubiri si chini ya nusu saa mpaka rejeta ishikike kwa mkono, ndipo afungue polepole. Asimimine maji ya baridi katika injini ya moto, kwani huweza kuipasua. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe tope wala dawa ya meno.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Kwa hiyo mwenye lori anunue kifuniko madhubuti kabla ya msimu kuanza. Watumishi wanaosimamia magari ya umma nao wawe mfano. Walimu wa fizikia, wanapofundisha kanieneo, waitaje rejeta, maana baadhi ya matingo wa kesho wamo madarasani mwao leo.